Shahidi Aliyegeuka Bluu

"Hii sweta ina mwanamke," mama alisema.

Alikuwa amesimama katikati ya sebule, sweta ya Shaba ameishika kwa ncha za vidole viwili kama mtu aliyeokota panya mkiani. Mimi nilikuwa nimepiga magoti sakafuni namfunga Kidoti viatu, na Kidoti alikuwa anavua kimoja kila nilipomaliza kufunga kingine.

"Mama, sweta ina sufu na vifungo. Huyo mwanamke atakaa wapi?"

"Cheka tu. Pua hii imeishi na baba yako, haijawahi kunidanganya. Njoo unuse kolani. Njoo!"

Nikanusa. Kwanza nilimpata yeye: sabuni yake ya mche, na mvua ya Jumatatu iliyotukuta kituoni akaivua sweta na kunifunika mimi bila kuniuliza. Moyo ukalegea. Halafu, chini ya hayo yote, kitu kikali kikanichoma puani. Harufu ya saluni. Dawa ya nywele.

"Na hili je?" Mama akaigeuza kola. Kulikuwa na doa jeusi, refu kama kidole. "Wanja. Mtu amelala kwenye bega la mwenzio na wanja wake machoni."

"Labda ni grisi. Kazini kuna mashine."

"Grisi inanuka saluni?"

Nilimwangalia Kidoti, na kile kidoti chake cheusi shavuni kilichompa jina, naye akaniangalia kama anayesubiri nijibu. Baba yake nilimwamini mpaka asubuhi aliyohama, tena na begi nililomfulia mimi mwenyewe. Mtu akishaumwa na nyoka, ukuti humshtua.

"Na Jumapili dada yake anakuja kukuangalia," mama aliendelea. "Aje aangalie nini? Atuambie kwanza nani anamwangalia mdogo wake."

Mama na Shaba walianza vibaya, na kosa halikuwa la mtu. Siku ya kwanza aliponisindikiza nyumbani, mama alifungua mlango bila miwani. Akaona kichwa chenye mvi pembeni na ndevu zilizopakwa majivu, akainama kwa heshima zote: "Shikamoo baba, karibu ndani." Shaba ana miaka thelathini na sita. Alibaki mlangoni mdomo wazi, marahaba haitoki, shikamoo haitoki. Alipoaga, mama alicheka mpaka akakaa chini. Kisha akaacha kucheka. "Mwanangu, mimi mkwe wa kumwamkia shikamoo simtaki. Utazika kabla hujazaa wa pili." Dirisha lilikuwa wazi. Nilidhani Shaba ameshafika mbali.

"Muulize," mama alisema, akanitupia sweta. "Usipomuuliza wewe, Jumapili nitamuuliza mimi, mbele ya dada yake."

Nikaikunja sweta, nikaitia kwenye mfuko, nikaenda kazini nayo kama mtu aliyebeba ushahidi kwenda mahakamani.

*

Kidoti alipokuwa na miezi mitatu, nilimkorogea maziwa ya kopo kwa maji ya kisima cha mtaani kwetu. Niliyachemsha vizuri. Wiki haikuisha, midomo yake ikawa na rangi ya wino. Aliyetuokoa ni daktari wa watoto, na ndiye aliyenieleza: kuchemsha kunaua vijidudu, lakini nitrati haifi kwa moto. Inatoka kwenye mbolea inayooshwa na mvua mashambani, inatoka kwenye mashimo ya vyoo, inazama taratibu mpaka kisimani, na haina rangi wala ladha. Damu ya mtoto mchanga ikiipata, inashindwa kubeba hewa. Nilirudi shule ya jioni kwa sababu ya neno hilo moja. Na niliposikia kuna maabara inatafuta mtu wa kuosha chupa na kupima sampuli za maji yenye nitrati, nilipeleka maombi yangu nikiwa nimembeba Kidoti mgongoni.

Shaba nilimkuta huko. Ni daktari wa kemia, lakini wenzake walimbatiza Shaba kwa sababu kila hadithi yake inaishia kwenye shaba. Ametengeneza unga mweusi wa shaba na kobalti, anaupaka kwenye kipande cha kitambaa cha kaboni chenye ukubwa wa stempu, anakitumbukiza kwenye maji machafu na kupitisha umeme mdogo. Hapo nitrati inavuliwa oksijeni yake na kuvishwa haidrojeni, mpaka inatoka ikiwa amonia, ile ile inayotengenezewa mbolea. Sumu ya kisimani irudi shambani kwa heshima zake.

"Unga wenyewe haubadiliki?" nilimuuliza siku ya kwanza.

"Haubadiliki. Kichocheo ni mshenga," alisema. "Anawakutanisha wawili, wanaoana, yeye anabaki vile vile alivyokuja." Kisha akaniangalia. Nikavunja chupa.

Tangu hapo sikuhitaji kugeuka ili kujua kwamba ananiangalia. Shingo yangu ilikuwa inapata joto. Siku za karibuni alikuwa anang'aa, amerudi kama kijana, na mimi mjinga nilijipa sifa zote.

Lakini Alhamisi ile, nilipovaa koti jeupe na kofia ya nailoni na kuanza kazi, shingo yangu ilipata baridi. Alikuwa ananiangalia, ndiyo. Alikuwa ananiangalia mikono.

"Leo shahidi atavaa rangi gani, Mama Kidoti?" aliuliza Spana, fundi wetu wa mitambo, mtu ambaye mdomo wake haujawahi kupumzika hata akiwa amebana skrubu kwa meno.

"Muulize shahidi mwenyewe."

"Nikimuuliza atasema, 'Nimevalishwa.'" Akacheka peke yake.

Shahidi ni chupa. Tukitaka kujua kama amonia imetokea, tunachukua maji yaliyopitishiwa umeme, tunatia matone ya dawa, tunasubiri. Amonia ikiwepo, maji yanageuka bluu. Ikizidi, bluu inazidi. Pamoja nayo tunaweka chupa moja ya maji matupu, safi, ambayo hayakupitia popote. Huyo ndiye shahidi, na kazi yake ni kubaki mweupe. Akigeuka bluu, maana yake kuna amonia imeingia kwa mlango wa nyuma, na kila tulichopima siku hiyo hakiaminiki.

Kwa wiki kadhaa shahidi alikuwa anageuka bluu. Ilikuwa Jumatatu na Alhamisi tu. Siku zangu za zamu.

Nilikuwa nimeshabadilisha kila nilichoweza. Nilibadilisha maji, glavu, hata mafuta ya kujipaka mikononi. Asubuhi ile niliosha mikono mpaka ngozi ikalia. Nikatoa chupa kwenye kabati la pembeni katika chumba cha kuoshea, ambamo nazikausha mimi peke yangu, nikamimina, nikatia matone nikiwa nimebana pumzi. Shaba alikaa upande wa pili wa meza akijifanya anasoma. Kurasa hazikugeuka.

Mchana ulipokaribia, nikanyanyua shahidi kwenye mwanga wa dirisha.

Bluu. Rangi ya midomo ya mwanangu siku ile.

"Kikulacho ki nguoni mwako," Spana akasema, safari hii bila kucheka.

*

Profesa ni mama wa makamo, mvi zake zimesukwa mstari mmoja mmoja, miwani inaning'inia kifuani kwa kamba. Hapigi kelele. Ningependelea apige.

"Kaa, mwanangu."

"Nasimama tu, Profesa."

"Shahidi anaharibika siku zako tu. Wengine wakipima, hageuki." Alivaa miwani, akaivua. "Watu wanasema unamwonea huruma Daktari. Kwamba unaongeza tone la amonia ili unga wake uonekane umefaulu, halafu mkono unakuteleza mpaka kwa shahidi."

"Watu gani?"

"Naomba jibu."

"Hujaniuliza swali, Profesa. Umeniambia tu wanachosema."

Nikaona aibu kidogo ikimpita usoni, lakini haikukaa.

"Nilimwomba Daktari akuangalie kimya kimya. Wiki mbili hizi."

Nilishika ukingo wa meza. Kwa hiyo ile baridi ya shingoni ilikuwa na jina.

"Amesema nini?"

"Amesema hajaona kitu."

"Hajaona kitu," nikarudia. "Hakusema sikufanya."

"Kuanzia Jumatatu pumzika nyumbani. Shahidi akiendelea kugeuka bluu bila wewe, nitakuja mwenyewe kwenu kukuomba radhi. Akibaki mweupe..."

*

Nilimkuta Shaba kwenye chumba cha kuoshea chupa, amesimama kando ya sinki kama mtu aliyeitwa na mkuu wa shule. Nikafunga mlango nyuma yangu.

"Ulikuwa unanichunga."

"Mama Kidoti, nisikilize..."

"Jina hilo usinibembelezee leo. Ulikuwa unanichunga, ndiyo au hapana?"

"Ndiyo. Niliona bora niwe mimi kuliko Spana."

"Mlinzi ni mlinzi, hata akivaa suti."

"Nilikuwa natafuta namna ya kukutetea!"

"Kwa kunihesabia matone? Wiki mbili unanywa chai na mimi, unamnunulia mwanangu puto, na jicho moja liko kwenye vidole vyangu? Ulilala vipi?"

"Sikulala." Sauti yake ilishuka. "Nilijua si wewe. Lakini kujua hakutoshi hapa, ningemwambia nini Profesa? Nilitaka nipate sababu. Niambie tu, nyumbani mnatumia nini? Dawa ya kusafishia vioo? Ya sakafu? Labda nepi za mtoto, mkojo ukikaa unatoa am..."

"Nepi!" Nadhani nilisikika mpaka kwa Spana. "Sasa imefika kwa mwanangu! Kidoti ameacha nepi siku nyingi, mpelekee salamu hizo dada yako anayeniita mwenye mzigo!"

"Dada Mkubwa hakukuita..."

"Uliniambia mwenyewe!"

"Nilikuambia ili tucheke."

"Basi tucheke." Nikachomoa sweta kwenye mfuko, nikamtandikia kola juu ya sinki. "Tuanze na hiki. Wanja wa nani?"

Aliangalia lile doa. Uso wake ulibadilika haraka mno, na moyo wangu, uliokuwa bado unamtafutia visingizio, ukakaa chini.

"Si wanja," alisema.

"Na harufu? Si harufu? Nimeinusa asubuhi, na si leo tu, nilikuwa najidanganya. Jumatano nikipita hapa kuchukua vitabu vyangu unanuka sabuni. Jumatatu unanuka saluni. Alhamisi unanuka saluni. Unaye mwanamke wa asubuhi, Shaba, anakutengeneza kichwa, halafu mchana unakuja kunikalia mimi hapa na macho ya huruma!"

"Rudia."

"Sirudii. Nimedanganywa mara moja kwenye maisha yangu, inatosha."

"Siku. Rudia siku."

"Jumatatu na Al..."

Nikaacha.

Chupa ya shahidi, niliyoingia nayo hadi kwa Profesa, ilikuwa bado mkononi mwangu. Sijui ni nani kati yetu aliyeiangalia kwanza. Bomba lilikuwa linadondoka, tone, tone, na ndani ya ile chupa bluu ilikuwa imetulia kama haihusiki na mtu.

"Dawa ya nywele," alisema taratibu, "ina amonia."

"Najua. Ndiyo maana inachoma macho."

"Mungu wangu." Aligeuza ndoo, akaikalia. "Mungu wangu wee."

"Ni nani, Shaba?"

"Hakuna nani."

"Ni nani?"

Akavua kofia ya nailoni. Kichwa kilikuwa cheusi ti, kinang'aa.

"Mvi zangu ziko wapi?" aliuliza.

Nilimwangalia. Nikaangalia pembeni mwa masikio, kule mama alikoona majivu. Nikaangalia ndevu.

"Nilidhani umenawiri," nikasema.

"Nimenawiri?"

"Nilidhani ni... nilidhani ni kwa sababu yangu!"

Nilitamani sakafu ipasuke. Yeye hakucheka. Alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Ni kwa sababu yako," alisema. "Siku ile mama yako aliponiamkia, sikufika mbali. Kamba ya kiatu ilifunguka, nikainama chini ya dirisha lenu kuifunga. Nilisikia yote. 'Utazika kabla hujazaa wa pili.' Nikaenda duka la vipodozi kama mwizi. Ndevu zinaota haraka, nyeupe inachungulia, kwa hiyo siku za zamu yako ninagusia rangi asubuhi kabla hujaingia."

"Unagusia wapi?"

Macho yake yalikwenda kwenye kabati, yakarudi haraka.

"Shaba. Unagusia wapi?"

"Nyumbani Dada Mkubwa angeniona. Amenilea tangu wazazi walipofariki, angenicheka mpaka uzeeni. Chumba cha kubadilishia nguo, Spana anaingia bila kubisha hodi. Kwa hiyo..."

Aliinuka. Alinipita bila kunigusa, akafungua kabati la pembeni. Chupa zangu zilikuwa mistari mitatu, zimeinamishwa midomo chini zikauke, safi kiasi cha kukuona ndani yake. Aliingiza mkono nyuma kabisa. Akatoa kichupa kidogo cha kahawia, kifuniko kimekaa upande, na brashi mbichi iliyoviringishwa kwenye karatasi ya chooni. Ile harufu ikatoka kabatini na kutusalimia wote wawili.

"Kwenye kabati la chupa zangu," nikasema.

"Nilifunga kifuniko."

"Umefunga nusu! Unatia brashi mbichi humu, unafunga mlango, mvuke unakaa na chupa zangu asubuhi nzima. Mtu mwenye udaktari wa amonia!"

"Nilikuwa nawaza nywele. Sikuwaza amonia."

Ningeweza kucheka hapo hapo. Lakini baba yake Kidoti naye alikuwa hodari wa maelezo. Kila alipochelewa alikuwa na hadithi iliyokaa vizuri kama hiyo, yenye mwanzo na mwisho. Nikarudi nyuma hatua moja.

"Maneno nimeshasikia," nikasema. "Tupime."

Aliniangalia, na kwa mara ya kwanza siku ile aliniangalia usoni. "Tupime," akakubali.

Nilimimina maji yale yale kwenye chupa mbili mpya ambazo hazijawahi kuingia kabatini. Moja nikaiweka humo, kando ya kile kichupa, nikafunga mlango. Nyingine nikaiweka dirishani, kwenye hewa. Tukasubiri kila mtu kwenye ukuta wake. Mara moja alijikuna ndevu, akaangalia kidole chake, akakipangusa kwenye suruali kama mtoto aliyeiba sukari. Nikageukia dirishani ili asinione.

Tulipotia matone na kungoja inavyotakiwa, chupa ya dirishani ilibaki nyeupe. Ya kabatini iligeuka. Ilianza kama moshi wa mbali, halafu ikakolea, bluu ile ile.

Nilikaa kwenye ndoo yake nikalia. Alitaka kunishika bega, akasita, mkono ukabaki hewani.

"Basi imeisha," alisema. "Nakitupa hiki leo leo. Jumatatu shahidi atabaki mweupe, mambo yatatulia, wala hakuna haja ya kila mtu kujua kwamba..."

"Jumatatu mimi sipo."

"Ndiyo, lakini..."

"Fikiri, Daktari. Mimi sipo, na shahidi anabaki mweupe. Watasema nini?"

Niliona akifika pale nilipofika mimi. Rangi ilimtoka. Nikangoja. Sijawahi kumwangalia mtu kama nilivyomwangalia yeye dakika ile, hata yeye aliponichunga hakuniangalia hivyo. Sweta yake ilikuwa kwenye sinki, inalowana mkono mmoja. Nikajiambia: akitafuta sentensi nzuri sasa, naondoka, na Jumapili mlango hautafunguliwa.

Hakutafuta sentensi. Alichukua kichupa kwa mkono mmoja na brashi kwa mwingine, akafungua mlango kwa kiwiko na kutoka. Nilimfuata na zile chupa mbili.

Spana alikuwa karibu mno na mlango kwa mtu anayetengeneza pampu. Profesa alikuwa mezani kwangu, anazikagua chupa mwenyewe.

"Profesa," Shaba alisema, kwa sauti ya kusikika chumba kizima. "Anayeharibu shahidi ni mimi. Ninapaka nywele rangi. Ninaificha kwenye kabati la chupa."

Spana alidondosha spana yake, kweli kweli, ikalia sakafuni.

"Unapaka nini?" Profesa aliuliza.

"Nywele. Na ndevu. Jumatatu na Alhamisi."

"Kwa nini Jumatatu na Alhamisi?"

Wote wakaniangalia mimi. Shingo yangu ikapata joto la zamani, nikalichukia na kulipenda.

Profesa alichukua kichupa, akanusa, akakirudisha kwa kunyoosha mkono mbali. Akaangalia chupa mbili nilizoleta, nyeupe na bluu. Ndipo akageuka kwangu, akavua miwani.

"Nilikukosea," alisema. "Nilisikiliza watu kabla ya kusikiliza chupa. Nisamehe, mwanangu." Kisha kwa Shaba, sauti ikiwa kavu: "Na wewe. Unajua hii inamaanisha nini? Kila kipimo cha siku hizo kinatupwa. Matokeo yako makubwa kuliko yote ni ya Alhamisi."

"Najua."

"Unga wako huenda si mzuri kama ulivyodhani."

"Tutaupima upya," alisema. Kisha akageuka, mbele yao wote. "Kama Mama Kidoti atakubali kunipimia."

"Mvi zangu unaziona?" Profesa alisema akiondoka. "Zimenipa kazi. Hazijawahi kuninyima."

"Mficha uchi hazai, Daktari," Spana akaongeza, na safari hii hata mimi nilicheka.

Alinisindikiza mpaka kituoni jioni ile. Tuliacha nafasi ya mtu wa tatu kati yetu.

"Jumapili bado nije?"

"Dada yako anakuja. Wewe amua."

"Nimekuuliza wewe."

Nilifikiria mikono yangu ikichungwa wiki mbili. Nilifikiria pia mkono wake uliobaki hewani.

"Njoo," nikasema. "Lakini usijipake kitu. Nataka nione ninayemfungulia mlango."

*

Jumapili mama alivaa miwani tangu asubuhi. Nilikuwa nimemweleza yote, na alikuwa hajasema lolote, jambo lililonitisha zaidi. Alifuta meza mara mbili. Alimbadilisha Kidoti gauni. Akasogeza kiti chake mahali pa kuona mlango.

Hodi ilipopigwa, alinizuia kwa mkono. "Nafungua mwenyewe."

Dada Mkubwa ndiye aliyesimama mbele, mnene, mkoba kwapani, macho yanazunguka toka juu hadi chini kama anayekagua nyumba ya kupanga. Yaliponifikia, yalinishuka hadi kwa Kidoti aliyejificha nyuma ya sketi yangu.

"Ndiye huyu mzigo wenyewe?" aliuliza. "Mbona mdogo hivi? Mdogo wangu alikuwa mzito kuliko huyu, na nilimbeba mgongoni mpaka darasa la kwanza." Akachuchumaa, akamnyooshea Kidoti mkono. "Njoo nikuone hicho kidoti."

Ndipo nikamwona yeye, nyuma ya dada yake. Alikuwa amenyoa kichwa chote, na katika siku hizo chache nywele zilikuwa zimeanza kurudi zilivyotaka zenyewe: nyeusi katikati, pembeni nyeupe kama chumvi. Ndevu vile vile. Bila ile rangi alionekana mkubwa kwa miaka mitano, na amechoka, na ni yeye. Mkono mmoja alikuwa ameshika puto. Macho yake yalikuwa kwa mama, na hayakuwa na pa kujificha.

Mama alimtazama kichwa. Akamtazama ndevu. Kisha, mbele ya dada wa watu, akasogea, akainua pua mpaka karibu na kola ya shati lake, akanusa. Upande wa kulia. Upande wa kushoto. Dada Mkubwa akafungua mdomo, akaufunga.

"Sabuni," mama alisema.

Shaba akainama, mvi zake zote zikamwelekea mama.

"Shikamoo, mama."

Mama akachelewa. Halafu akaweka kiganja juu ya kile kichwa cha chumvi, kama anavyomwekea Kidoti anapotaka kujua kama ana homa.

"Marahaba, mwanangu," alisema. "Ingia ndani."